Mwalimu wa Makete na laptopu ya laki saba

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Makete na nimeanza shahada ya uzamili kwa masafa. Nahitaji laptopu ya kuandikia tasnifu, kujaza matokeo ya wanafunzi kwenye Excel, na kuongea na msimamizi wangu kwa Zoom mara moja kwa wiki. Umeme unakatika sana. Nyumbani nina sola, paneli ya wati 100 na betri N70. Nasafiri kwa basi na bodaboda, kwa hiyo nataka kitu chepesi, na betri ikae angalau saa sita. Mfukoni nina laki saba. Duka moja mjini Njombe wananipa mpya, inchi 15.6, Celeron, RAM 4, kwa hela hiyo hiyo. Shemeji yangu aliyeko Dar anasema nimtumie hela anichukulie ya mtumba Kariakoo, "ThinkPad au EliteBook yoyote, zote ngumu." Mtumba nauogopa kwa sababu ya betri. Nifuate lipi?

JIBU: Mwalimu, poleni na baridi. Umeogopa kitu ambacho kweli kinaogopesha, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu. Kwenye laptopu ya mtumba prosesa haizeeki kwa namna utakayoiona, RAM haizeeki, kioo kikitunzwa kinakwenda miaka. Kinachozeeka kila siku, hata kama laptopu imelala kabatini, ni betri. Lakini betri hiyo hiyo ndiyo rahisi kuliko vyote kuipima kabla hujatoa hela, na kwenye baadhi ya laptopu ndiyo rahisi kuliko vyote kuibadilisha. Kwa hiyo mfuate shemeji kwenye neno "mtumba", umwache kwenye neno "yoyote".

Kwenye meza yangu ya ufundi hapa Dar kila mteja anauliza "inakaa saa ngapi?" na kila muuzaji anajibu "saa tano" bila kupepesa macho. Hilo jibu halina maana. Saa tano ukifanya nini? Uliza wati-saa. Unanunua LUKU, kwa hiyo hesabu hii unaishi nayo tayari: uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Betri ya laptopu ni kidumu kidogo cha umeme huo huo, na ujazo wake umeandikwa juu yake kwa herufi Wh. Ukikuta wameandika volti na mAh tu, geuza mAh ziwe Ah (gawanya kwa 1,000) halafu zidisha: volti 11.4 mara Ah 2.1 ni kama Wh 24. Hicho ni kidumu kidogo. Wh 50 ni cha kawaida, na ukiona 70 na kitu hapo umepata tenki.

Upande wa pili ni ulaji. Pikipiki mbili zenye tenki sawa hazifiki mbali sawa. Laptopu za ofisini za inchi 14, zenye prosesa inayoishia na herufi U, ukiwa unaandika Word na mwanga wa kioo uko katikati, zinakula kama wati 6 hadi 8. Ukifungua Zoom na kamera zinapanda hadi 12, hata 15. Prosesa zinazoishia na H ni za michezo na kuhariri video. Hizo hata ukizipa betri kubwa zinaikausha. Vijana wanazipenda kwa sababu ya taa za kibodi. Wewe zipite.

Sasa chukua siku yako mwenyewe: saa tano za kuandika kwa wati 7 ni 35, ongeza saa moja ya Zoom kwa wati 14, unapata Wh 49. Kwa hiyo saa sita zako zinadai betri yenye Wh 50 za kweli. Za kweli maana yake zilizobaki leo. Laptopu iliyotoka kiwandani na Wh 50 mwaka 2018 leo inaweza kuwa na 30, na kwa hesabu ile ile utazima saa ya nne.

Ile ya Njombe nisiiseme vibaya kuliko inavyostahili. Prosesa za Celeron za kundi hilo hazina ulaji, na betri ikiwa mpya saa sita si uongo. Waranti nayo ni kitu. Tatizo ni kwamba utakuwa na saa sita za kusubiri. RAM 4 kwenye nyingi za aina hiyo imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Waulize pia diski ni ya aina gani: wakikujibu eMMC (hifadhi ya bei rahisi, kama ya simu) ya GB 64, jua kwamba GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft wenyewe wanakitaka kwa Windows 11. Yaani unaanza na nyumba ambayo vitanda vimeshajaa. Fungua tasnifu, PDF nane za rejea na Zoom, halafu hesabu sekunde kila ukigusa. Na inchi 15.6 kwenye bodaboda ya Makete, begi limening'inia mgongoni, bawaba za plastiki... nimeshazifunga kwa gundi nyingi mno.

Sasa mtumba. Mstari wa kwanza wa kuchora ni kizazi cha prosesa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache sana za cha 7. Kizazi unakisoma kwenye namba: i5-8250U ni cha 8, i5-7200U ni cha 7, i7-6600U ni cha 6. Wauzaji wanaipigia Windows 11 kwa ujanja hata ya kizazi cha 6 na inawaka vizuri, lakini huko mbele masasisho makubwa yanaweza kukugomea, na wewe uko Makete, fundi yuko mbali.

Kizazi cha 8 kina zawadi nyingine ambayo winga, dalali wa Kariakoo, hatakuambia: ndipo Intel walipotoa koa (core) nne, yaani kama injini nne ndani ya prosesa moja, kwenye prosesa hizi nyembamba za herufi U. i7-6600U na i7-7600U zina koa mbili. Kwa hiyo i5 ya kizazi cha 8 inaipita i7 ya kizazi cha 6, na kwa kawaida ya mtaani hiyo i7 ndiyo itauzwa ghali zaidi kwa sababu ya stika. Stika inanunuliwa kwa shilingi mia kadhaa. Usisome stika, soma ndani ya Windows.

Kwa matumizi yako, chaguo langu ni ThinkPad T480, ya mwaka 2018. Sababu si ugumu wake. Ina betri mbili: moja imefungwa ndani, Wh 24, na nyingine inachomekwa nyuma kwa nje. Ya nje inapatikana kwa ukubwa tofauti, Wh 24, 48 au 72. Laptopu inaanza kula ya nje, ikiisha unaichomoa huku unaandika, ile ya ndani inashikilia, unachomeka nyingine. Hakuna skrubu wala fundi. Ukichoka na betri baada ya miaka miwili, unanunua betri, hununui laptopu. Sasa piga hesabu: ya ndani iliyochoka imebaki 17, ya nje mpya 72, jumla 89. Kwa wati 7 ni zaidi ya saa kumi na mbili za kuandika. Nani mwingine atakupa hiyo kwa laki saba?

Ina kasoro zake. Ikiwa na betri ndogo ina kama kilo 1.6, na ile kubwa inaiongezea uzito na kuitokeza chini kama kisigino, ingawa mimi kisigino hicho nakipenda kwa sababu kinainua kibodi. Nyingi zinakuja na kioo hafifu cha pikseli 1366 kwa 768, rangi zimefifia na ukiinamisha kidogo maandishi yanageuka kivuli. Sisitiza 1920 kwa 1080. Jambo la tatu ni tundu la chaji. T480 inachaji kwa USB-C peke yake, na tundu hilo limechomelewa kwenye bodi. Mwambie shemeji achomeke chaja, aitikise taratibu juu na chini. Chaji ikikatika na kurudi, aiache mezani. Tena, laptopu hizi zilitoka na dosari kwenye programu ya ndani inayoendesha tundu la Thunderbolt (aina ya USB-C yenye kasi), ambayo baada ya muda inaweza kuliua tundu lenyewe. Lenovo, wenye ThinkPad, walishatoa sasisho lake. Mkiipata tu, kabla hata ya kuweka Word, shemeji alipakue aliweke, maana intaneti yake ina nguvu kuliko yako.

Na T480 nyingine zilitoka na prosesa ya kizazi cha 7, jina ni lile lile la nje. Kwa hiyo hata kwenye T480 namba isomwe.

Kama haipatikani, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 ni watoto wa mwaka huo huo, inchi 14, na zote ni nyepesi kidogo kuliko T480. HP ilitoka na betri ya Wh 50. Dell ilitoka na ya Wh 42 au ya 60, utafute 60. Betri zao ziko ndani, lakini ni kazi ya bisibisi na dakika kumi. RAM yao inaongezeka, na zote mbili zinakubali chaja ya USB-C. Kwenye HP kuna mtego mmoja: baadhi zina kioo cha kuficha, kile ambacho aliyekaa pembeni yako haoni kitu. Kwenye basi kinavutia. Ila kinaonekana cha kizakiza hata kwa mwenyewe, unapandisha mwanga, na mwanga ndio mlaji mkubwa wa betri ukiwa unaandika tu.

Kuna watakaokuambia ThinkPad X280, kwa sababu ina kilo moja na kitu na betri ya Wh 48. Ni nzuri, lakini RAM yake imechomelewa. Kama ni 8 itabaki 8 mpaka siku ya mwisho. Na kuna MacBook Air M1 ya mwisho wa 2020, ambayo kwa betri haina mpinzani: Wh 49.9, haina feni, Apple wanasema saa 15 za intaneti na hawajadanganya sana. Iko nje ya laki saba, na ukiikuta ndani ya laki saba, kimbia. Mara nyingi hiyo imefungwa na akaunti ya mwenyewe.

Nikupe kisa cha betri, maana ndipo hela yangu mwenyewe ilipopotelea. Miaka michache iliyopita nilinunua betri za nje za ThinkPad, zimeandikwa Wh 72, pakiti nzuri, plastiki haijachanwa. Nikampa mteja ya kwanza. Baada ya siku tatu akarudi, inakaa saa mbili. Nikampa ya pili, ikawa ile ile. Jioni nikiwa nanunua sukari kwa Mangi nikaiona mizani yake, nikaiweka betri pale juu. Gramu 190. Mangi akaniuliza nauza kilo shilingi ngapi. Betri hiyo ya Wh 72 ndani ina seli sita za duara, zile za ukubwa wa 18650, na seli moja nzima haipungui sana gramu 45. Sita ni gramu 270 kabla hujaweka waya, bodi ndogo na ganda. Gramu 190 haiwezekani. Nikaipasua: seli tatu, na nafasi tatu zilizojazwa vipande vya plastiki ili isicheze ukiitikisa. Aliyeniuzia alisema na yeye kauziwa hivyo hivyo. Tangu hapo mezani kwangu kuna mizani ya jikoni, na betri yoyote ya seli sita iliyo chini ya gramu 280 haiingii. Shemeji aingie dukani na mizani, wala asione aibu.

Sasa mtume shemeji Kariakoo. Mtu ukitembea unaangalia vioo vya maduka, winga anakudaka kabla hujafika mlangoni, anakupeleka duka analojua yeye, na kamisheni yake iko kwenye bei yako. Si kosa kwenda naye, lakini bei aipatane shemeji na mwenye duka. Afike asubuhi siku ya kazi. Jumamosi mchana hakuna atakayempa dakika arobaini za kukaa na laptopu moja, na dakika arobaini anazihitaji.

Kwanza achomoe chaja. Nimeona maduka ambayo laptopu zote zimechomekwa kutwa na muuzaji anasita ukigusa waya. Hapo umeshapata jibu la nusu. Kisha abonyeze kitufe chenye alama ya Windows, aandike cmd, abonyeze Enter, kwenye kisanduku cheusi aandike powercfg /batteryreport na Enter tena. Itamwambia imehifadhi ripoti na wapi. Afungue faili hilo. Litajaa maneno ya Kiingereza lakini anatafuta mistari miwili tu: DESIGN CAPACITY, yaani ujazo wa kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ujazo uliobaki leo. Kwenye T480 ataona betri mbili bega kwa bega. Tuseme ya ndani inasoma 23,950 mWh kiwandani (mWh 1,000 ni Wh 1) na 17,100 leo. Gawanya: asilimia 71. Hiyo naichukua. Ikishuka chini ya 60, apunguziwe bei. Ya nje isimsumbue kwa sababu tunanunua mpya. Kwa HP na Dell niwe mkali zaidi, asilimia 80, au bei ya betri mpya itolewe kwenye bei ya laptopu palepale.

Kuna mstari wa CYCLE COUNT, idadi ya mizunguko ya chaji. Wakati mwingine hauandiki kitu. Ila ukiona laptopu ya 2018, mizunguko sifuri, na ujazo wa leo unalingana na wa kiwandani mpaka tarakimu ya mwisho, hiyo betri ama ni mpya ama inadanganya, na mtumba wa kawaida hauji na betri mpya kama zawadi. Ripoti inasoma kile betri yenyewe inachojitangazia. Ndiyo maana kuna jaribio la pili: mwanga nusu, afungue video, aandike asilimia, akae dakika ishirini. Kwa laptopu ya saa tano inatakiwa ishuke kama 7. Ikishuka 15, ripoti imesema uongo.

Wakati video inacheza afanye mengine. Abonyeze vitufe vyote vya kibodi, kimoja kimoja, kwenye Notepad. Mitumba ya Ujerumani inakuja na Z na Y zimebadilishana nafasi, ya Ufaransa A na Q, na stika za juu zinaficha hilo kwa mwezi mmoja. Aweke laptopu mezani ikiwa imefungwa na aangalie kama imelala sawasawa. Ikiyumba kama meza yenye mguu mfupi, au tachipadi imeinuka na kugoma kubonyea, betri ya ndani imevimba. Hiyo si ya kupatana bei. Ni ya kurudisha mezani taratibu.

Halafu kufuli. Laptopu hizi zilikuwa mali ya kampuni na mashule ya Ulaya na Marekani, na nyingine ziliondoka kwenye ofisi bila kufutwa kwenye daftari la kampuni. Zinafanya kazi vizuri dukani. Mwaka mmoja baadaye unapiga Windows upya, unaunganisha intaneti, na badala ya kukuuliza jina lako inakuletea nembo ya kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazini. Njia ya kulijua hilo mapema ni moja: muuzaji akubali kuipiga Windows upya mbele ya shemeji, intaneti ikiwa imeunganishwa. Akiwasha abonyeze pia F1 kwenye ThinkPad, F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, aingie BIOS, mipangilio ya ndani ya laptopu inayotangulia Windows. Ikidai nywila na muuzaji hana, aondoke. Muuzaji akisema "hiyo haina shida, hutaingia huko kamwe," aondoke haraka zaidi.

Hela sasa. Usiimalize laki saba kwenye laptopu. Mwambie shemeji dari yake ni laki tano na nusu, apate T480 ya i5 kizazi cha 8, diski ya SSD ya GB 256, RAM 8. RAM inaongezwa baadaye, ina nafasi mbili. Laki moja na nusu inayobaki ni ya betri ya nje na chaja ya gari. Chaja ya gari, ndiyo, nawe huna gari. Nakuja huko.

Una sola, na nina hakika una inveta ndogo. Ukichaji laptopu kupitia inveta, umeme wa volti 12 unapandishwa hadi 230, halafu chaja ya laptopu inaushusha tena hadi 20. Kila mlango unatoza ushuru, na ushuru huo ni lile joto unalolisikia ukishika inveta. Laptopu inayochaji kwa USB-C inakuruhusu kuruka mlango mmoja: nunua soketi ya sigara ya gari yenye waya na fyuzi ya ampia 10, iunge kwenye betri yako ya N70, uchomeke chaja ya gari ya USB-C. Lakini soma maandishi madogo. Nyingi zimeandikwa "45W" kwa herufi kubwa na ndani zinaishia volti 12, hizo ni za simu. Unatafuta neno PD, na mahali palipoandikwa 20V/2.25A. Pasipo 20V, T480 itakaa inakutazama.

Uwezo unao. N70 ni volti 12 mara ampia-saa 70, Wh 840, na betri ya aina hiyo ukitaka ikae miaka usiishushe zaidi ya nusu, basi 420. Kujaza T480 yenye betri zote mbili, pamoja na ushuru wa njiani, ni kama Wh 110. Inabaki ya taa na simu. Chaji saa za jua, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, ili umeme utoke kwenye paneli moja kwa moja. Siku za ukungu wenu ule wa wiki nzima, chaji kidogo tu na uipe taa kipaumbele.

Baridi nayo usiishangae. Asubuhi ya Juni utaona asilimia zinashuka haraka kuliko Dar, kisha nyumba ikipata joto inatulia. Betri haijaharibika, seli za lithiamu zikipoa zinatoa umeme kwa uvivu. Kwa kweli umri wa betri unalindwa na baridi yenu kuliko joto letu. Kinachoiua ni kukaa asilimia 100 kwenye joto. Weka kikomo cha chaji kwenye programu ya Lenovo Vantage, isimame 80 siku za kawaida, ufungulie mpaka 100 usiku wa kuamkia safari. Na yule atakayekuambia laptopu "mpya kwako" ichajiwe saa nane bila kuwashwa, hayo ni ya betri za nikeli za zamani. Iwashe utumie.

Kitu kimoja cha Zoom, kwa sababu najua utatumia intaneti ya simu. Usiunganishe simu kwa waya. Ukichomeka waya, simu inaanza kujichaji kutoka kwenye laptopu, na saa nzima ya kikao laptopu inalisha midomo miwili. Tumia hotspoti, simu iwe na chaji yake.

Akishanunua, risiti ya EFD iandikwe aina ya laptopu na namba iliyoko chini yake, na kwenye karatasi muuzaji aandike kwa mkono siku za kubadilishiwa. Kwa mtumba mara nyingi ni wiki moja au mbili, kwa hiyo usiiache Dar ikusubiri likizo. Aipige picha ripoti ya betri akutumie kabla ya kulipa, uzihesabu mwenyewe zile namba mbili. Na akiipeleka stendi ya Magufuli kuipandisha basi la kuja Makete, aizime kabisa, si kuifunga kifuniko tu, achomoe betri ya nje aifunge peke yake kwenye nguo, na mzigo ukae ndani na kondakta, usiende kwenye buti chini ya magunia.